BREKI HUTENGENEZWA NYUMBANI, SI MTEREMKONI

Ushauri kwa Kila Mwenye Baisikeli

Wazee husema kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo ni ya kweli kwa mambo mengi, kwani hakuna ajuaye ni tawi gani litakaloanguka njiani, wala ni ng'ombe yupi atakayekurupuka kutoka kichakani. Lakini mara nyingi methali hii hutumiwa kufunika uzembe. Mtu huteremka kilima kwa baisikeli ambayo raba zake za breki zimekwisha tangu mwezi uliopita. Akitumbukia korongoni pamoja na mzigo wake, majirani humwinua, humpangusa vumbi, kisha husema, "Ajali haina kinga." Ajali ya namna hiyo ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe ilikuwa dukani, ikiuzwa kwa bei iliyo ndogo kuliko bei ya tairi moja, na kazi ya kuifunga isingalichukua hata nusu saa.

Katika Kenya baisikeli ni chombo cha kazi kwanza, na chombo cha matembezi baadaye. Asubuhi hupeleka maziwa penye kituo cha kukusanyia. Mchana hupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Jioni hurudi na mitungi ya maji. Karani huiendea ofisini, na mwanafunzi huiendea shuleni. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ndiko ilikoanza katika miaka ya 1960 kazi ya kuchukua abiria juu ya keria, ambayo baadaye ilienea hadi Kisumu na miji mingine kwa jina la bodaboda. Ingawa siku hizi pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, baisikeli nyeusi ya chuma haijatoweka, na mashambani bado inabeba mizigo ambayo wakati mwingine ingalimshinda punda.

Tena, nchi hii ina miteremko mingi. Mtu atokaye Iten kwenda Bonde la Kerio hushuka zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika chini. Barabara ya zamani itokayo Limuru kwenda Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili, hupinda na kushuka ukingoni mwa Bonde la Ufa. Murang'a na Nyeri zina migongo ya vilima, na kati ya mgongo mmoja na mwingine mna mto, na juu ya mto mna daraja. Kisii na Taita ni vivyo hivyo. Yeye akaaye penye miteremko kama hiyo hana budi kuijua breki kama mkulima anavyolijua jembe lake.

JINSI BREKI INAVYOFANYA KAZI

Breki haina siri. Raba hugandamizwa juu ya rimu ya gurudumu, na kule kusuguana kwake hugeuza mwendo kuwa joto. Basi kila kitu kiingiacho kati ya raba na rimu, kama vile mafuta, tope, maji au kutu, hupunguza msuguano huo, na baisikeli hukataa kusimama.

Baisikeli nyingi nyeusi zina breki za fito. Mtu avutapo kishikio kilicho chini ya usukani, huinua ufito wa chuma, na ufito huo huvuta kikuku chenye raba mbili, moja kila upande. Raba hizo hushika rimu kwa upande wa ndani, ule unaoelekea katikati ya gurudumu. Faida ya breki za namna hii ni uimara wake. Fito hazikatiki upesi, na gurudumu likiyumba kidogo kwa upande, breki bado hushika. Hasara yake ni viungo vingi. Kila kiungo kina skrubu au nati, na barabara ya changarawe hulegeza skrubu na nati siku zote, hata kama mwenye baisikeli hasikii chochote.

Baisikeli nyingine zina breki za waya. Hapo raba hubana rimu kutoka pande zote mbili, kama vidole viwili vinavyoshika sarafu. Breki hizi ni nyepesi na hushika vizuri, lakini waya wake umesukwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, nazo huanza kukatika moja moja, hasa pale waya unapoingia katika kishikio. Waya wenye nyuzi zilizokatika hauna subira. Utavumilia miezi kadhaa ya mwendo wa taratibu, kisha utakatika siku ile utakapovutwa kwa nguvu zote, yaani siku ya hatari.

Ziko pia baisikeli ambazo husimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo imo ndani ya habu ya nyuma, kwa hiyo hailowi na mvua. Hata hivyo huutegemea mnyororo. Mnyororo ukikatika au ukitoka katika meno yake, breki nayo imekwisha. Kwa sababu hiyo, mwenye baisikeli kama hiyo anahitaji breki ya mbele iliyo nzima.

KIATU SI BREKI

Baisikeli za zamani sana, zilizokuwa na magurudumu ya raba ngumu isiyo na upepo, zilisimamishwa kwa kipande cha chuma chenye umbo la kijiko, kilichogandamizwa juu ya gurudumu lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1880, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la kutiwa upepo. Tairi hilo lilipunguza mishtuko ya barabara, lakini halikuweza kuvumilia kusuguliwa na kijiko cha chuma. Ndipo watengenezaji wakaihamisha breki kutoka kwenye tairi na kuipeleka kwenye rimu.

Somo hilo lina zaidi ya miaka 100, lakini hata leo vijana huonekana wakisimamisha baisikeli kwa kukandamiza kandambili juu ya tairi. Huko ni kurudi kwenye breki ya kijiko, tena bila ya kijiko. Tairi huliwa, na kandambili huliwa pia. Lililo baya zaidi ni kwamba mwendeshaji huondoa mguu mmoja penye pedali wakati ule anapohitaji kukaa imara kuliko wakati wote. Mguu ukiteleza, huweza kunaswa kati ya tairi na uma, au kuingia katika spoki. Na mvua ikinyesha, kandambili juu ya tairi lililolowa haina nguvu ya kusimamisha kitu.

Yule ategemeaye kiatu chake hudhani kwamba ameokoa fedha za raba. Kwa kweli anazilipa fedha hizo kidogo kidogo kwa tairi na viatu, na siku moja huenda akazilipa zote kwa pamoja hospitalini.

WOGA WA BREKI YA MBELE

Wako watu wanaoing'oa breki ya mbele kwa kusudi. Husema kwamba breki hiyo humrusha mtu juu ya usukani. Ni kweli kwamba mtu akiikamata ghafla kwa nguvu zote, huku mikono yake imelegea na uzito wake umeinama mbele, anaweza kuanguka kifudifudi. Lakini kosa hapo ni la mkono, si la breki.

Baisikeli inapopunguza mwendo, uzito wa mwendeshaji husogea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kushika barabara kwa nguvu zaidi, na lile la nyuma huwa jepesi. Ndiyo sababu breki ya nyuma ikivutwa peke yake kwa nguvu, gurudumu la nyuma huacha kuzunguka na kuburura tu, na baisikeli huendelea kwenda huku ikiyumba. Sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha baisikeli hufanywa na breki ya mbele. Anayeing'oa amebakiwa na ile iliyo dhaifu.

Jambo linalopasa ni kuzoea kuzitumia zote mbili kwa pamoja, kwa kuzibana polepole na kuongeza nguvu kadiri inavyohitajiwa, huku mikono imekaza na mwili umerudi nyuma kidogo. Penye changarawe, mchanga au tope, breki ya mbele ivutwe kwa upole, wala isivutwe kwa nguvu katikati ya kona. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, wakati baisikeli ingali imesimama wima.

Inafaa pia kujua ni mkono upi wa breki gani. Kwa desturi ya Kiingereza, iliyofuatwa kwa muda mrefu katika Kenya, mkono wa kulia huvuta breki ya mbele. Lakini baisikeli zitokazo nchi nyingine huweza kuwa kinyume cha hivyo. Yeye aazimaye baisikeli ya jirani na ajaribu kila kishikio akiwa bado uwanjani.

KAZI YA MARA MOJA KWA JUMA

Mtu ambaye baisikeli yake hufanya kazi kila siku na atenge dakika kumi kila juma kuitazama. Vifaa vinavyohitajiwa ni vichache: spana, bisibisi, kitambaa safi, kipande cha msasa na mafuta kidogo. Mambo ya kutazama ni haya:

1. Raba. Raba zitazamwe kama bado zina unene wa kutosha. Zikiliwa hadi karibu na chuma kinachozishika, zibadilishwe mara moja, kwa maana chuma kikigusa rimu kitaikwaruza, na rimu ni ghali kuliko raba nyingi. Raba iliyogeuka kuwa laini na yenye kung'aa kama kioo isuguliwe kwa msasa mpaka uso wake ukwaruke tena. Vijiwe vilivyokwama ndani yake vitolewe kwa ncha ya kisu. Raba iliyokauka na kupasuka kwa uzee haifai, hata kama ingali nene.

2. Jinsi raba zilivyokaa. Raba zote mbili ziguse rimu kwa wakati mmoja na kwa uso wake wote. Zisiguse tairi, kwani raba inayogusa tairi hulitoboa polepole. Kibati kinachoshika raba mara nyingi kina upande mmoja uliozibwa na mmoja ulio wazi. Upande uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokwenda inapopita hapo. Ukigeuzwa, rimu itaivuta raba na kuichomoa, na mwendeshaji atasikia tu kitu kimeanguka.

3. Nafasi. Kati ya raba na rimu pawe na nafasi ya milimita mbili au tatu. Kishikio kikivutwa kwa nguvu zote kisifike kwenye usukani; kikifika, raba zimekwisha au fito zimelegea. Katika breki za fito, ziko skrubu za kurefusha na kufupisha, na kazi hiyo haihitaji fundi.

4. Nati, fito na waya. Kila nati ijaribiwe kwa spana. Viungo vya fito vitiwe tone moja la mafuta, kisha mafuta yanayozidi yapanguswe. Waya utazamwe mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na uzi mmoja tu uliokatika, ununuliwe mwingine.

5. Rimu. Rimu ipanguswe tope na kusafishwa kwa maji yenye sabuni, kisha ikaushwe. Mafuta ya mnyororo yasiifikie hata kidogo. Watu wengi wapendao kuing'arisha baisikeli huipaka mafuta yote, pamoja na rimu, na kwa kufanya hivyo huiua breki kwa mikono yao wenyewe.

6. Gurudumu. Gurudumu liinuliwe na kuzungushwa. Likiwa na mahali palipobonyea kwa kugonga jiwe au shimo, breki itashika na kuachia, kushika na kuachia. Hilo ni la kupelekewa fundi, pamoja na spoki zilizolegea.

Baada ya hayo, breki zijaribiwe. Mwenye baisikeli asimame kando yake, avute breki ya mbele na kuisukuma baisikeli mbele. Gurudumu la mbele lisizunguke, na lile la nyuma litake kuinuka. Kisha avute breki ya nyuma na kuisukuma tena. Gurudumu la nyuma liburure bila kuzunguka. Baisikeli ikishindwa na jaribio hili uwanjani, mteremkoni itashindwa zaidi.

Raba za kuchongwa kutoka katika tairi kuukuu huonekana katika vijiji vingi. Mtu aliye mbali na duka huweza kurudi nyumbani nazo kwa mwendo wa polepole, lakini zisiachwe hapo kuwa breki za kudumu. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, hukaa upande, na kama ndani yake umebaki waya wa tairi, waya huo utaikata rimu.

MZIGO NA MVUA

Adui wawili wa breki ni mzigo na mvua, nao hupenda kuja pamoja, kwa sababu mazao hayangoji anga ipoe.

Mtu wa kilo 65 aliyepanda baisikeli ya kilo 20 ni kilo 85 kwa jumla. Akifunga gunia la mahindi la kilo 90 juu ya keria, jumla huwa kilo 175, yaani zaidi ya mara mbili. Vidole vyake ni vile vile, na raba ni zile zile. Kwa nguvu ile ile ya kubana, atahitaji umbali zaidi ya mara mbili ili asimame, hata kama barabara ni tambarare. Mitungi minne ya maji ya lita 20 kila mmoja ni kilo 80, nayo hali yake ni hiyo hiyo, tena maji huchezacheza na kuiyumbisha baisikeli.

Mwendo nao una hesabu yake. Baisikeli iendayo kilomita 15 kwa saa hupita mita 4 hivi katika sekunde moja. Ikienda kilomita 30 kwa saa, hupita zaidi ya mita 8. Kabla vidole havijabana, sekunde moja huweza kuwa imekwisha pita. Na mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika haiwi mara mbili, bali huwa mara nne. Watu wengi hawajui jambo hili, na ndilo linalowafanya wadhani kwamba mtoto au mbuzi aliyeonekana mbali bado yu mbali.

Mvua huzidisha hatari. Rimu za chuma zilizopakwa rangi ya fedha hung'aa na kupendeza, lakini zikilowa huwa telezi sana. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua, ingawa nazo hudhoofika. Mtu akiwa njiani katika mvua na abane breki kidogo kidogo mara kwa mara, ili raba zifute maji kabla hajazihitaji. Breki zilizolowa huchelewa kwanza, kisha hushika kwa ghafla maji yakiisha kufutwa, kwa hiyo mkono uwe tayari kulegeza.

Kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi, na kabla ya mvua za vuli mwezi wa Oktoba, raba kuukuu zibadilishwe hata kama zingeweza kuvumilia mwezi mmoja zaidi. Mwezi huo mmoja ndio wa hatari.

JINSI YA KUTEREMKA

Mwendeshaji mwenye busara husimama juu ya kilima, si chini yake. Hutazama kama mzigo umefungwa sawasawa, hubana breki zote mbili kuzijaribu, kisha huanza kushuka polepole. Breki zishikwe mapema, mwendo ungali mdogo. Ni rahisi kuuzuia mwendo usikue, lakini ni vigumu kuurudisha ukiisha kukua. Asiiachie baisikeli ikimbie katika sehemu iliyonyoka kwa kutumaini kwamba ataizuia penye kona. Kona huwa karibu kuliko alivyodhani, na pengine nyuma yake iko lori.

Mteremko ukiwa mkali na mzigo ukiwa mzito, breki hutumia nguvu zake zote kuzuia uzito usikimbie, na haibaki nguvu ya kusimamisha. Hapo hakuna ustadi unaofaa isipokuwa mmoja: kushuka chini na kuiongoza baisikeli kwa miguu, vishikio vya breki vikiwa mkononi. Hilo si jambo la aibu. Mtu aliyeshuka kwa miguu hufika mtoni akiwa amechelewa dakika kumi, pamoja na mahindi yake yote.

Jambo la mwisho ni la abiria. Mtu aendaye peke yake kwa baisikeli isiyo na breki huhatarisha maisha yake mwenyewe na ya wale walio njiani. Lakini yule ampakiaye mtoto wake juu ya keria kumpeleka shule, au mama mjamzito kumpeleka zahanati, amebeba mtu ambaye hakushika kishikio chochote na hana la kufanya ila kumwamini mwendeshaji. Mtoto haulizi kama raba zimebadilishwa. Ni wajibu wa baba kujiuliza kwa niaba yake.

Basi kila mwenye baisikeli na aitazame breki yake leo jioni, kabla jua halijatua, wala asingoje Jumamosi ijayo. Kama raba zimekwisha, baisikeli na ikae nyumbani mpaka zitakaponunuliwa nyingine, na mzigo wa kesho na ungoje, au ubebwe kwa njia nyingine.